Choroa Mweupe na Uongo wa Jangwa Tupu

"Hapa hapana kitu, mwanangu. Lala tu, nitakuamsha Haima."

Aliyeniambia hivyo ni mzee wa Kiomani, mzaliwa wa Unguja, ambaye sote tulizoea kumwita Ami. Alikuwa akinipeleka Salalah, kusini mwa Omani, kwa gari kutokea Maskati, safari ya kilomita kama elfu moja, na Haima ni mji ulio njiani. Ukishaupita mji wa Adam barabara inanyooka kusini, milima inabaki nyuma, na mbele yako unakuta uwanda wa changarawe usio na kilima wala bonde. Sikulala. Alfajiri tuliposimama kuswali, ukungu mzito ulikuwa umetanda kutoka upande wa bahari ambayo hata haionekani. Nilipomaliza nikatembea hatua chache hadi kwenye mgunga mdogo uliosimama peke yake. Kila mwiba wake ulikuwa na tone la maji. Chini ya mti, kokoto zilikuwa zimelowa kwa mduara uliolingana kabisa na kivuli cha matawi, kana kwamba mtu alimwagia ndoo usiku. Ndani ya mduara ule zilijaa nyayo: za ndege, za mdudu aliyeburuta tumbo, na za mnyama mdogo wa jamii ya mbweha. Nje ya mduara, kukavu, hapakuwa na hata moja.

Nimeufikiria mduara ule mara nyingi kila ninaposoma habari za wanyamapori wa Omani, maana naamini kwamba maneno yale mawili ya Ami, "hapana kitu", yamewaua wanyama wengi wa jangwani kuliko risasi. Ami aliyasema kwa mapenzi, akitaka nipumzike. Maneno hayohayo yakisemwa ofisini, mbele ya ramani yenye eneo jeupe katikati, yanakuwa kibali. Wanaotafuta mafuta, wanaopima barabara na wanaogawa vitalu vya viwanda huanzia hapo. Na mnyama aliyeonja matokeo yake kuliko wote ni choroa wa Arabuni.

Sisi tunamjua binamu yake. Choroa wa Afrika Mashariki tunamwona Samburu, Tsavo, Tarangire na Mkomazi, wa kijivu-kahawia, mwenye pembe ndefu zilizonyooka kama mikuki. Wa Arabuni ni mdogo zaidi, kama kilo 70 hivi, na ni mweupe. Weupe huo ndio mwavuli wake, kwa sababu unalirudisha jua lilikotoka. Miguu ni ya rangi ya chokoleti. Ukimtazama kwa ubavu, pembe mbili zinalingana na kuonekana moja, na wapo wanaoamini kwamba ngano za kale za farasi mwenye pembe moja zilianzia kwake. Anaweza kukaa miezi bila kunywa maji ya kisima wala ya dimbwi. Maji yake huyapata kwenye majani anayokula usiku yakiwa yamebeba unyevu, na kwenye umande. Ukungu ukishuka hulamba mawe, hulamba matawi, na choroa hulambana manyoya wenyewe kwa wenyewe. Mchana wa joto huchimba kwa kwato shimo la kina kifupi chini ya mti na kulalia udongo wa baridi.

Lakini kubwa kuliko yote ni mwendo. Mvua ya jangwani hainyeshi nchi nzima. Hunyesha kipande hiki mwaka huu, kile mwaka ujao, na pengine miaka ikapita bila kunyesha popote. Choroa huifuata. Huondoka usiku, hutembea masafa marefu, akafika mahali ambapo nyasi zimeanza kuchipua. Kwa hiyo ukiulizwa nyumba ya choroa iko wapi, usioneshe nukta kwenye ramani. Nyumba yake ni ule uwezo wa kuondoka. Shika hilo, maana mkasa wote unaofuata umejengwa juu yake.

Zamani aliishi sehemu kubwa ya Bara Arabu, hadi Iraki na Shamu. Mwindaji wa ngamia na gobori hakuweza kummaliza, kwa kuwa jangwa lilikuwa pana na ngamia huchoka. Lilipokuja gari la kutembea mchangani pamoja na bunduki ya kufyatua mfululizo, upana wa jangwa haukumsaidia tena. Uwanda ule ule uliomwezesha kuona adui kutoka mbali ukawa ndio uwanja wa kumkimbizia hadi aanguke. Mafuta yalileta fedha, fedha zikaleta magari, na misafara ya uwindaji ikawa inavuka mipaka. Katika miongo michache akabaki kusini tu. Mwaka 1972, kwenye uwanda wa Jiddat al-Harasis katikati ya Omani, lile kundi la mwisho lililojulikana porini likauawa. Tangu siku ile hapakuwa na choroa wa Arabuni hata mmoja anayeishi huru duniani.

Hakutoweka kabisa kwa sababu ya kazi iliyofanywa miaka kumi kabla, na hapa historia inapita kwetu. Mwaka 1962, baada ya habari kufika kwamba wawindaji wa magari wameua makumi ya choroa mashariki ya himaya ya Aden, sehemu ya Yemen ya leo, ulitumwa msafara wa kuwakamata wachache wakiwa hai. Aliyeuongoza ni Meja Ian Grimwood, mkuu wa idara ya wanyamapori ya Kenya wakati ule. Walitafuta kwa majuma mengi karibu na mpaka wa Omani, wakapata wanne. Mmoja akafa. Watatu waliobaki, madume mawili na jike mmoja, walipelekwa kwanza Kenya, wakatunzwa Isiolo kwenye hewa kavu inayofanana na ya kwao, kisha wakasafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Phoenix, Arizona, mji wa jangwani huko Marekani. Huko wakaungana na wengine: mmoja kutoka bustani ya London, mmoja aliyetolewa na sheikh wa Kuwait, na wanne waliotolewa na Mfalme Saud wa Saudia. Jumla tisa. Tisa hao wakaitwa Kundi la Dunia, na kizazi chao ndicho kilichorudisha jina la choroa jangwani.

Tazama vizuri hesabu hiyo. Watano kati ya tisa walitoka kwenye mazizi ya mfalme na sheikh. Desturi ya wakubwa wa Ghuba kufuga wanyama wa porini nyumbani kwao, kama pambo na heshima, ndiyo iliyotoa zaidi ya nusu ya akiba iliyobaki. Sitaki kulifunika hilo. Aliyetoa alitoa, na bila yeye huenda leo tungekuwa tunaona picha tu. Ila desturi hiyohiyo itarudi tena katika kisa hiki, na safari ya pili haikuja kutoa.

Sultan Qaboos wa Omani alitaka choroa warudi pale pale walipofutwa. Mwaka 1980 wa kwanza wakafika Omani kutoka San Diego, Marekani, wakawekwa kwenye zizi kubwa la Yalooni, katikati ya Jiddat al-Harasis, wajizoeze. Tarehe 31 Januari 1982 lango likafunguliwa na kumi wakatoka. Waliotoka walikuwa wanyama waliozaliwa kifungoni, watoto wa waliozaliwa kifungoni, ambao hawajawahi kuona ukungu wa Jiddat al-Harasis. Wakajifunza. Walisafiri kutafuta mvua, walizaa, waligawanyika wakawa makundi, na ukame ulipokuja wengi walistahimili. Kufikia mwaka 1996 walikuwa takribani 450. Duniani kote kisa hiki kilisimuliwa kama mfano wa kurudisha mnyama aliyekwisha. Mwaka 1994 eneo lao, kilomita za mraba 27,500, likaingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia.

Waliowalinda ni Waharasis, wafugaji wa mbuzi na ngamia ambao uwanda ule umebeba jina lao. Ni watu wachache, na lugha yao, Kiharsusi, si lahaja ya Kiarabu bali ni lugha ya kale ya kusini mwa Arabuni inayozungumzwa na watu wanaozidi kupungua. Hao ndio waliokuwa wakiishi pale ambapo wageni waliona hapana kitu. Kabla ya mafuta walipita msimu mzima wa joto bila kisima, wakinywa maziwa ya mbuzi na ngamia na kukinga maji ya ukungu chini ya miti. Walijua unyayo wa kila choroa. Mradi uliwaajiri wawe askari wa wanyamapori, ukawapa mishahara, magari na redio, na walifanya kazi hiyo kwa fahari, maana kifo cha kundi la 1972 kilikuwa jeraha kwao pia.

Basi kwa nini mwaka 1996, choroa wakiwa wengi na dunia ikipiga makofi, kila kitu kilianza kuporomoka?

Ujangili wa safari hii ulikuwa wa namna nyingine. Majangili hawakutaka nyama, hawakutaka pembe. Walitaka mnyama akiwa hai, hasa jike na ndama. Walimfukuza kwa gari hadi apungukiwe pumzi, wakamfunga kamba, wakampakia, wakamvusha mpaka. Nje kulikuwa na wanunuzi wenye mazizi yao binafsi. Wengine walikufa kabla ya kufika. Kufikia Septemba 1998 walikuwa wamebaki 138, majike wachache sana, na wasimamizi wakalazimika kufanya kitu ambacho naamini kiliwauma kuliko chochote: kuwakamata wenyewe baadhi ya wale waliowaachia huru na kuwarudisha Yalooni kwenye zizi.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa sana soko hilo. Mwaka 2010 twiga hai wanne na wanyama na ndege wengine zaidi ya mia walipakiwa kwenye ndege usiku pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, wakaenda Uarabuni. Tulipiga kelele, bungeni palichafuka, kesi ikaendeshwa Moshi. Mjadala wetu, hata hivyo, ulihusu zaidi nani alifungua lango, afisa gani, ndege ya nani. Swali la nani alimngoja twiga upande wa pili, na sheria gani ya nchi yake inamgusa, halikupata hata robo ya muda huo. Omani ilikwama palepale. Nguvu zilielekezwa kwa mkamataji na dereva. Mnunuzi alikuwa nje ya mpaka, na mbele ya majirani zake hakuonekana mwizi. Alionekana mtu apendaye wanyama.

Hapo ndipo hesabu ya tisa inaponirudia. Mnyama aliyekwisha porini hupanda bei. Kadiri mradi ulivyofanikiwa kumfanya choroa kuwa jina kubwa, ndivyo zizi lisilo na choroa lilivyoonekana pungufu. Sioni njia ya kumlinda mnyama wa namna hiyo bila kumfuata anayelipa, hadi langoni kwake, kwa sheria inayomtaka aoneshe hati ya kila mnyama aliyenaye. Mali bila daftari huisha bila habari, na mazizi ya Ghuba yalikaa muda mrefu bila daftari.

Lakini yako makosa ya ndani pia, na ni haki kuyataja. Ajira za ulinzi zilielekezwa kwa Waharasis. Wafugaji wa kabila jirani, wanaochunga kwenye uwanda uleule na kugombania malisho yaleyale, hawakupata sehemu ya maana. Kwao hifadhi ilikuwa mali ya mahasimu wao. Na Waharasis nao, pamoja na mishahara, waliajiriwa tu. Mipaka ya hifadhi, makatazo yake na mipango yake ilipangwa mjini. Askari aliulizwa choroa wako wapi, akajibu. Hakuulizwa hifadhi iweje. Mshahara ni kitu kizuri, naupenda, lakini mtu hulinda tofauti kitu ambacho mwanawe atakirithi. Kaskazini ya Kenya na kwenye Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori za Tanzania tumejaribu njia ya kumpa mwanakijiji kauli juu ya ardhi na sehemu ya mapato, na tumeona matatizo yake mengi, ya fedha kuchelewa na viongozi kujipendelea. Hata hivyo matatizo ya mwenye mali yana dawa. Mlinzi asiye na mali hana hata pa kulalamikia.

Kisha yakaja mafuta tena. Utafutaji wa mafuta na gesi ulihitaji ardhi iliyomo ndani ya mipaka ya Urithi wa Dunia. Serikali ikaipunguza hifadhi kutoka kilomita za mraba 27,500 hadi 2,824, yaani ikabaki sehemu moja ya kumi. Mwaka 2007, katika kikao cha Christchurch, New Zealand, UNESCO ikalifuta eneo hilo katika orodha. Lilikuwa eneo la kwanza duniani kufutwa tangu orodha ianze. Choroa wa porini wakati huo walihesabiwa 65, na jozi za kuzaliana zipatazo nne.

Naelewa hoja ya serikali. Omani haina utajiri wa mafuta kama jirani zake, visima vyake ni vya shida, na watu wanataka hospitali, shule na kazi. Mtu wa Haima naye anataka taa. Mimi sina ubishi na kisima cha mafuta kuwepo jangwani. Ubishi wangu ni juu ya kukata tisa ya kumi ya ardhi ya mnyama ambaye maisha yake yote ni kusafiri, kisha kuiita sehemu iliyobaki hifadhi. Uamuzi huo hauwezi kumjia mtu aliyeona uwanda ule kuwa umejaa. Humjia aliyeona weupe kwenye karatasi.

Sehemu iliyobaki imezungushiwa uzio. Leo inaitwa Hifadhi ya Al Wusta, ina choroa kwa mamia, wanazaa, wana afya, wana madaktari. Na kwingineko Arabuni pia wamerudishwa, Saudia, Falme za Kiarabu, Jordan, hata mwaka 2011 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi ukamtoa choroa katika daraja la walio hatarini na kumweka katika daraja lenye nafuu. Alikuwa mnyama wa kwanza aliyewahi kutoweka kabisa porini kufikia hapo. Zaidi ya elfu moja wako kwenye maeneo ya wazi au nusu wazi, na maelfu wako kwenye mazizi. Ukihesabu vichwa, ni ushindi, na nimefurahi kama mwingine yeyote.

Ila nenda ukatazame kilichotokea Mahazat as-Sayd, magharibi ya Saudia. Ni hifadhi ya zaidi ya kilomita za mraba 2,000, imezungushiwa uzio mzuri, haina ujangili wa kutisha, haina mifugo. Choroa walirudishwa huko wakaongezeka vizuri. Ikaja miaka ya ukame. Mvua ilipokosekana ndani, choroa hawakuweza kwenda ilikonyesha nje. Walikufa kwa mamia, na swala wa mchangani wengi kuliko wao. Hakuna jangili aliyewagusa. Waliuawa na kile kilichowekwa kuwaokoa.

Huu ndio mtihani wenyewe wa uhifadhi wa jangwani, na naona watu wengi wanaupita haraka. Bila uzio, kamba ya jangili inamfikia. Ndani ya uzio, mvua haimfikii. Unaweza kupeleka malisho na maji kwa lori, na ndivyo inavyofanyika mahali pengi, lakini mnyama anayelishwa kwa lori ameacha kuwa wa porini, na ndama wake hatajifunza kunusa mvua. Kizazi kimoja tu kinatosha kusahau. Wale kumi wa 1982 walifaulu kujifunza upya kwa sababu kulikuwa na uwanda wa kujifunzia. Wajukuu wao siku wakifunguliwa, watakuta nini?

Kabla sijafika huko, niseme neno juu ya wengine, maana choroa ana bahati ya uzuri na jina. Chui wa Arabuni, mdogo kuliko wetu, hawafiki 200 porini kote, na ngome yao kubwa ni milima ya Dhofar, kusini mwa Omani, hasa Jabal Samhan, hifadhi tangu 1997. Huonekana zaidi kwenye kamera za mtego kuliko kwa macho. Milima hiyo hupata mvua za kusi na kugeuka kijani kibichi kwa miezi michache, na kijani hicho kinaliwa na ngamia na ng'ombe wengi kupita kiasi. Swala na wanyama wadogo anaowinda chui wakipungua, hula mbuzi wa mtu, na mtu huyo naye ana watoto wa kuwalisha. Pwani, kisiwa cha Masirah kilikuwa na kasa duvi wanaotaga kwa makumi ya maelfu, pengine kuliko pwani nyingine yoyote duniani, na sasa wamepungua vibaya kwa nyavu na kwa taa. Baharini kuna nyangumi wa nundu wasiofika mia moja, ambao hawahami kwenda bahari za baridi kama ndugu zao wengine. Wote hao wanaishi katika nchi ambayo kwa vipimo vya mgeni ni mchanga mtupu.

Sasa linakuja wimbi jipya, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Omani inataka kuwa mzalishaji mkubwa wa haidrojeni ya kijani, yaani gesi ya nishati inayotengenezwa kwa umeme wa jua na upepo. Mwaka 2022 iliunda kampuni ya serikali ya kusimamia mpango huo, na lengo ni tani milioni moja kwa mwaka ifikapo 2030. Vitalu vimepangwa karibu na Duqm, mji wa bandari na viwanda kwenye pwani ya Al Wusta, na huko Dhofar. Kuzalisha haidrojeni hiyo kunahitaji paneli za jua na mashine za upepo kwa eneo kubwa mno, nyaya za umeme, mabomba na barabara. Ni nishati safi, dunia inaihitaji, na mimi nimekulia kwenye pwani ambayo bahari inaila kwa sababu ya moshi wa wengine, kwa hiyo sitasimama upande wa kuipinga. Lakini soma maelezo ya miradi ya namna hii popote jangwani na utakutana na sifa ileile ya ardhi: pana, tambarare, haina watu, haina matumizi. Hapana kitu.

Pale Port Sudan, njia moja ya umeme iliyojengwa zamani kwa nguzo mbaya iliendelea kuua tumbusi wa Misri kwa miongo, mamia kwa hakika na pengine maelfu, hadi ilipoachwa na kujengwa nyingine mwaka 2014. Waya mmoja tu. Tumbusi huyo huyo ana moja ya makazi yake makubwa Omani, na kisiwa cha Masirah ni kati ya mahali anapozaliana kwa wingi zaidi duniani, ng'ambo tu ya pwani inayogawiwa vitalu. Nguzo salama zinajulikana, na kuzijenga tangu mwanzo si ghali kama kuzibadilisha baadaye. Kinachohitajika ni mtu mezani anayejua kwamba tumbusi wapo.

Kwa choroa, nafasi iliyopo leo haitakuwepo baada ya miaka kumi. Mikataba ya vitalu inaandikwa sasa. Humo humo inawezekana kuacha njia pana kati ya kitalu na kitalu, zisizo na uzio, zinazounganisha hifadhi ya Al Wusta na uwanda ulio mashariki yake ambako ukungu ni mwingi. Inawezekana sehemu ya malipo ya ardhi iende moja kwa moja kwa Waharasis na majirani zao wote, kwa pamoja, ili kila kabila liwe na choroa wake wa kulinda na lisiwe na sababu ya kuuza wa jirani. Sheria ya hifadhi ya mwaka 2003 ipo na ina meno ya kutosha kwa anayekamata. Kinachokosekana ni makubaliano ya nchi za Ghuba kwamba zizi lenye choroa asiye na hati linafungwa, liwe la nani. Nchi hizo tayari zina shirika lao la pamoja, zina wataalamu, zina vipimo vya damu vinavyoweza kuonesha mnyama ametoka ukoo gani. Kuna mwaka ambapo mfalme na sheikh walitoa watano bure. Haitakuwa ajabu kuwaomba warithi wao orodha.

Na lango la Al Wusta litabidi lifunguliwe siku moja, kwa kundi dogo kwanza, katika mwaka wa mvua, huku wazee wanaojua ukungu unakosimama wakiwa bado hai wa kuwafuata. Wazee hao wanapungua kama lugha yao. Vijana wa Haima wanafanya kazi kwenye mitambo, wana simu nzuri, na wachache wao wanaweza kusoma unyayo wa siku mbili juu ya changarawe. Mradi wa 1982 ulipata bahati ya kuanza wakati elimu hiyo ilikuwa ya kila mtu.

Asubuhi ile kwenye barabara ya Salalah, Ami alinikuta bado nimechutama kando ya mgunga. Nikamwonesha mduara. Aliinama kwa taabu, akashika kokoto zilizolowa, akajipangusa uso kwa kiganja kile, kisha akaonja kidole. "Miaka thelathini napita hapa," akasema. Akaniuliza maji yale yametoka wapi, nikamweleza, na akaniuliza ni nani aliyeacha zile nyayo, moja baada ya nyingine, nami nikamjibu zile nilizozijua. Akavua kilemba, akakitandaza kwenye tawi kilowe. Hatukuondoka mpaka jua lilipopanda na kokoto zikarudi rangi yake.